Umeme Ukikatika, Hewa Kwanza

Tangi la matumbawe la nyumbani ni mtaji ulio hai. Hesabu yaonyesha fedha ya tahadhari iwekwe wapi

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

MTU akiweka fedha zake kwenye mahindi, hata soko likilala, gunia linabaki ghalani. Akiziweka kwenye hisa, bei ikishuka, hisa zake bado anazo na anaweza kungoja. Lakini ipo mali moja inayonunuliwa kwa bei kubwa ambayo yaweza kuharibika yote kati ya usiku na alfajiri, bila mwizi kuvunja mlango. Mali hiyo ni tangi la matumbawe: sanduku la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe hai na samaki wa rangi, linalowekwa sebuleni.

Wenye matangi haya wengi wako Marekani, Ulaya na Japani. Hata hivyo biashara yao haiko mbali nasi. Kwa miaka mingi pwani ya Kenya imekuwa mojawapo ya mahali wanakotoka samaki hao. Kitatange, kangaja na wenzao huvuliwa na wapiga mbizi, wakafungwa kwenye mifuko na kupakiwa ndege kwenda ng'ambo. Kwa hiyo hasara ya mwenye tangi huko Dallas au Houston ni jambo ambalo mfanyabiashara wa Mombasa analielewa.

Wiki hii ukurasa huu unatazama swali moja la kibiashara: dhoruba ikikata umeme kwa siku mbili au tatu, mwenye tangi atumie wapi dola yake ya kwanza ya tahadhari? Wengi hujibu kwamba ni joto. Wengine hujibu kwamba ni jenereta. Hesabu inatoa jibu jingine.

USIKU WA FEBRUARI 2021

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa jimbo la Texas. Katikati ya Februari 2021 baridi kali iliteremka hadi kusini mwa Marekani. Mnamo tarehe 16 mjini Dallas kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri za Selsiasi. Mitambo ya umeme iligandishwa, mabomba na visima vya gesi vikakwama, na wakati huohuo kila nyumba ilitaka joto.

Tarehe 15 Februari, saa 7:20 usiku, shirika linalosimamia gridi ya Texas, ERCOT, lilitangaza hali ya hatari ya ngazi ya juu kabisa na kuanza kuagiza umeme ukatwe. Mpango ulikuwa mitaa ipokezane giza kwa muda mfupi mfupi. Haikuwa hivyo. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikosa umeme, na nyingi zilikaa gizani siku kadhaa. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246 vya watu.

Bei ya jumla ya umeme ilipandishwa hadi kikomo chake cha dola 9,000 kwa megawati-saa, wakati wastani wa mwaka 2020 ulikuwa chini ya dola 30. Tarehe 1 Machi 2021 ushirika wa umeme wa Brazos uliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Msomaji aone jambo hili: bei ilipanda mara 300 na bado mamilioni hawakupata umeme. Bidhaa isipokuwepo, fedha haiinunui. Kilichosaidia usiku ule ni kile kilichokuwa tayari ndani ya nyumba.

Katika nyumba hizo yalikuwamo matangi ya matumbawe. Wenyewe walikuwa wamelala pampu ziliposimama, na wengi waliamka wakakuta samaki wanahema juu ya maji au wamekwisha kufa.

MTAJI ULIOMO NDANI YA KIOO

Mwenye tangi akiulizwa mali yake ina thamani gani, hutaja bei aliyonunulia. Mhasibu hawezi kukubali jibu hilo. Thamani inayohusika siku ya hasara ni ile ya kununua upya, na bei hiyo imekuwa ikipanda.

Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kwamba vibali vya kuvua samaki wa matangi havina budi kupita kwanza kwenye uchunguzi wa mazingira. Kangaja wa manjano wa Hawaii, aliyekuwa samaki wa kawaida katika kila duka, akawa adimu na bei yake ikapanda mara kadhaa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Fiji ilipiga marufuku kuuza nje matumbawe na miamba hai. Mei 2018 Indonesia, muuzaji mkubwa kuliko wote wa matumbawe, ilisimamisha mauzo yake, na ikayafungua tena mwaka 2020. Hivi sasa samaki na matumbawe zaidi wanazalishwa na wafugaji wenyewe, lakini wa aina adimu bado ni ghali.

Je, bima? Hapa wengi hushtuka. Mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba nchini Marekani huorodhesha mali zisizolipiwa, na katika orodha hiyo wamo wanyama, ndege na samaki. Kioo kikipasuka huenda kuna madai ya kuzungumza, lakini samaki na matumbawe waliokufa ni hasara ya mwenye nyumba. Kwa lugha ya biashara, mwenye tangi ni kampuni yake mwenyewe ya bima. Vifaa anavyonunua kabla ya dhoruba ndiyo ada yake.

KINACHOUA KWANZA

Ili ada hiyo isipotee, ni lazima kujua hatari ipi inatangulia.

Maji ya bahari hayabebi hewa nyingi. Yakiwa na chumvi ya kawaida na joto la nyuzi 25, lita moja hushika kiasi cha miligramu 6.7 tu za oksijeni. Maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo hushika zaidi ya 8. Oksijeni hiyo haitumiwi na samaki peke yao. Matumbawe yanaitumia, konokono wanaitumia, na mamilioni ya bakteria wanaosafisha uchafu ndani ya miamba nao wanaitumia. Usiku, mwani unaotoa oksijeni mchana nao huanza kuivuta.

Tangi zima linaishi kwa sababu pampu hugeuza maji, maji ya chini yakaja juu na kupata hewa mpya. Pampu zikisimama, uso wa maji unatulia na tangi linaanza kula akiba. Penye samaki wengi akiba hiyo huisha kwa saa chache. Joto hushuka taratibu zaidi, kwa sababu maji mengi hupoa polepole. Mwanga ndio wa mwisho: matumbawe huweza kukaa gizani siku mbili tatu bila madhara makubwa, kama yanavyokaa bahari ikichafuka na maji kuwa na tope.

Mpangilio basi ni huu: hewa, kisha joto, kisha mwanga. Wenye matangi wengi hupanga kinyume, kwa sababu taa ndiyo waliyoinunua kwa bei kubwa.

SOMO LA SANDUKU LA MOMBASA

Anayetilia shaka mpangilio huo na atazame sanduku la samaki linalopakiwa ndege. Samaki hanyweshwi wala halishwi njiani, na kabla ya kufungwa huwekwa bila chakula ili asichafue maji. Hutiwa kwenye mfuko wa nailoni wenye maji kidogo, kisha nafasi yote iliyobaki hujazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi. Mfuko hufungwa, ukawekwa ndani ya sanduku la povu jeupe linalozuia joto kutoka wala kuingia. Taa hakuna. Pampu hakuna. Samaki husafiri hivyo saa 24 au zaidi, akafika mzima.

Msafirishaji huyu analipa nauli kwa kila kilo, kwa hiyo amekwisha kuondoa kila kisichohitajika. Alichokibakiza ni vitu viwili: oksijeni na sanduku la kuhifadhi joto. Mwenye tangi aliyekatiwa umeme hana budi kufanya vilevile nyumbani kwake.

BETRI MOJA, HESABU MBILI

Tuchukue mfano wa tangi la lita 300, lenye viumbe ambao kuwanunua upya kungegharimu, tuseme, dola 3,000. Mwenyewe ana betri moja ya risasi na asidi ya volti 12 na saa-ampia 100, aina inayotumika kwenye mashua. Kwenye karatasi betri hiyo ina wati-saa 1,200. Betri ya namna hii ikimalizwa kabisa huharibika, hivyo tuhesabu nusu: wati-saa 600.

Akiunganisha pampu ndogo ya wati 10 inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, atapata mzunguko wa maji kwa saa 60. Hizo ni siku mbili na nusu.

Akitumia pampu ileile kupitia inveta, na inveta yenyewe ikila wati 10 nyingine, muda unapungua hadi saa 30. Nusu ya akiba imeliwa na dalali.

Akiunganisha hita ya wati 200, betri itakwisha kwa muda usiozidi saa 3. Na atakuwa amepata nini? Kupandisha lita 300 za maji ya bahari kwa nyuzi moja kunahitaji kiasi cha wati-saa 330. Betri nzima, bila kupoteza chochote njiani, haitafikisha hata nyuzi 2.

Kwa hiyo betri ileile yaweza kununua saa 60 za uhai au nyuzi 2 za joto. Mfanyabiashara hahitaji kuambiwa achague ipi.

Asiye na fedha ya betri kubwa ana njia ya chini zaidi. Kuna pampu ndogo za hewa zinazotumia mawe ya tochi makubwa, na baadhi yake huchomekwa ukutani zikalala, umeme ukikatika zikaanza kufanya kazi zenyewe. Bei yake kwa kawaida haizidi dola 30. Kwa mtaji wetu wa dola 3,000 hiyo ni ada ya asilimia 1. Kujiwasha kwenyewe ndiko kunakolipiwa: Texas umeme ulikatwa saa 7 usiku, na aliyelala hawezi kubonyeza kitufe.

Vile vifaa vya betri vinavyowekwa chini ya meza ya kompyuta navyo vinaweza kusaidia, lakini betri yake ni ndogo. Vihesabiwe kwa saa chache, si kwa siku.

Na asiye na chochote? Achukue jagi, achote maji ya tangi, ayamwage tena kutoka juu, mara nyingi, kila baada ya dakika chache. Inachosha mkono, lakini inaingiza hewa.

JOTO BILA UMEME

Joto lihifadhiwe kabla ya kutengenezwa. Blanketi nzito au mbao za povu zikizungushwa kwenye vioo vyote hupunguza sana upotevu. Juu paachwe nafasi, kwa kuwa hewa huingilia hapo. Chumba kimoja kifungwe, familia na tangi wakae humo.

Mwenye jiko la gesi anaweza kuchemsha maji, kuyatia kwenye chupa za plastiki, kuzifunga barabara na kuzielekeza ndani ya tangi. Chupa ya lita 2 yenye maji ya nyuzi 60 hupandisha lita 300 kwa karibu robo ya nyuzi. Chupa nne hutoa kama nyuzi moja. Ni kazi ya kurudiarudia, na kusudi lake si kurudisha nyuzi 25. Kusudi ni kuzuia maji yasishuke chini ya 20 na kukaa huko.

Kwenye joto kali hesabu hugeuka. Kimbunga Beryl kilipopiga Houston tarehe 8 Julai 2024, zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme walikatiwa katikati ya kiangazi. Maji ya nyuzi 30 hushika kiasi cha miligramu 6.2 tu za oksijeni kwa lita, na viumbe huhema haraka zaidi. Wakati huo chupa iliyogandishwa ndiyo yenye thamani: chupa ya lita 2 ya barafu hushusha lita 300 kwa karibu robo tatu ya nyuzi. Anayesikia tangazo la kimbunga ajaze friza yake chupa za maji siku hiyohiyo. Ziwe zimefungwa, barafu isiyeyukie ndani ya tangi ikapunguza chumvi.

JENERETA NA DHANA YA USALAMA

Jenereta ni kifaa kizuri kwa anayeweza kukinunua na kukitunza, lakini isiwe tegemeo pekee. Agosti 2005, Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans, jumba la maonyesho ya viumbe wa majini la mji huo lilikuwa na jenereta. Jengo lenyewe halikubomoka. Jenereta ilishindwa, na wengi wa samaki wake wapatao 10,000 walikufa. Waliopona ni baadhi ya wanyama wanaovuta hewa ya juu, kama pengwini na kasa mkubwa. Walihitaji hewa pia, ila hawakutegemea pampu kuipata.

Mfano wa pili ni wa kheri. Februari 2021 kituo cha kutibu kasa cha Sea Turtle Inc., kisiwani South Padre, Texas, kilikatiwa umeme huku maelfu ya kasa waliozimia kwa baridi wakiletwa na wananchi. Kampuni ya SpaceX, yenye kiwanja jirani, ilipeleka jenereta kubwa. Mwenye tangi wa kawaida hana jirani wa namna hiyo.

Na lipo la uhai wa watu. Jenereta ya petroli isiwashwe ndani ya nyumba, wala gereji, wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika baridi ile ya Texas watu walikufa kwa kuwasha jenereta, majiko ya mkaa na magari ndani ya majengo. Hakuna samaki anayestahili bei hiyo.

MAMBO YASIYOGHARIMU KITU

Yapo mambo ambayo ni ya bure, na kuyaacha ni uzembe:

Samaki wasilishwe umeme ukiwa umekatika. Siku tatu bila chakula haziwadhuru. Chakula kinachooza ndicho kinachomaliza hewa.

Chujio la kopo lililofungwa lisiwashwe tena bila kumwagwa. Bakteria wa ndani hufa kwa kukosa oksijeni, na maji yale yakirudi tangini ni sumu. Lisuuzwe kwanza kwa maji ya chumvi.

Pampu ikizimika, maji ya tangi la juu huteremka kwenye tangi la chini. Mwenyewe achomoe plagi leo, mchana, aone kama tangi la chini linafurika. Ni afadhali kufuta sakafu mara moja kwa majaribio kuliko kuikuta imejaa usiku wa dhoruba.

Ndoo mbili za maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa zikae tayari.

Umeme ukirudi, pampu zitangulie. Hita ifuate baada ya kuhakikisha imezama kwenye maji, kwani ikiwaka kwenye hewa hupasuka. Joto lipande polepole kwa saa kadhaa. Waliokufa waondolewe, maji yapimwe amonia, na sehemu yake ibadilishwe.

WAKATI WA KUNUNUA

Bei ya betri na jenereta hufuata utabiri wa hali ya hewa. Tangazo likishatoka, rafu huwa tupu kabla ya jioni. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika 30 Novemba. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huingia sokoni wakati wengine wamesahau. Texas yenyewe hutoa siku chache za msamaha wa kodi ya mauzo kwa vifaa vya dharura kila mwishoni mwa Aprili, zikiwamo jenereta za chini ya dola 3,000 na betri za chini ya dola 75.

Kununua pekee hakutoshi. Betri iliyokaa miaka mitatu bila kuchajiwa ni mzigo wa risasi, na mawe ya tochi huvuja. Mara mbili kwa mwaka mwenye tangi akate umeme mwenyewe kwa saa mbili, atazame kinachofanya kazi na kisichofanya.

Kwa msomaji wetu asiyefuga matumbawe, hesabu hii inafaa kwa mali yoyote iliyo hai, iwe vifaranga kwenye banda au perege kwenye bwawa. Kabla ya kununua kifaa cha gharama, auliza mali hiyo itakufa kwa nini kwanza, na baada ya saa ngapi. Fedha ya mwanzo iende hapo. Katika tangi la matumbawe jibu ni hewa, na bei yake haifiki dola 30.